Futi Ishirini na Mbili na Mama Mkwe

Mume wangu anachora ramani za majengo. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta chuoni hapa Minnesota, na ndiyo iliyombakiza. Anaweza kuingia sebuleni kwa watu, akautazama ukuta huku anakunywa chai yao, akataja futi zake bila kupima, na akapatia. Kwa hiyo msinicheke mimi niliyemwachia kazi ya kukodi gari-nyumba kiangazi kile. Mchekeni yeye. Mimi nimeshamcheka miaka yote hii na bado sijamaliza.

Gari-nyumba ni lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Wazee wastaafu wa huku huliendesha wakati wa joto kwenda kulala porini bila kulala porini. Siku nyingi nilikuwa nawapita barabarani nikijiuliza, jamani, mtu ana nyumba nzuri yenye vyoo viwili, kinachomtoa ni nini? Sikujua kwamba siku moja ningelilia gari kama hilo mbele ya nyumba yangu, tena hadharani.

Ila lazima nianze na mama yangu, maana gari lilikodiwa kwa ajili yake. Mama alikuja mwezi wa tano, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, binti yetu akiwa na miaka tisa. Tikiti yake ya kurudi ilikuwa katikati ya mwezi wa tisa. Uwanja wa ndege walimpa ruhusa ndefu kuliko hiyo, lakini alisema kuku wake hawawezi kuvumilia zaidi, na mama akishasema neno la kuku huwa hakuna mjadala. Tulikuwa tunaishi Crystal, kwenye nyumba fupi yenye sehemu ya juu na sehemu ya chini, ya aina ambayo mtaa mzima unayo, hata wageni walikuwa wanabisha hodi kwa jirani wakidhani ni kwetu.

Sasa, kwetu nyumbani mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai wakatazamana. Hawapeani mkono, hawali meza moja, wala mmoja hapaswi kumwona mwenzake amelala au amejinyoosha. Si uadui, ni heshima. Kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokaa mbali, na mume wangu alimpenda mama yangu mno, kwa hiyo alikaa mbali mno. Mama alipofika tu, yeye alihamia chini na godoro lake. Akitaka kupanda juu alikuwa anakohoa kwenye ngazi. Akirudi kazini alianza kukohoa akiwa bado ndani ya gari. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye mbwa, aliniuliza kwa huruma kama mume wangu ameshamwona daktari.

Walipohitaji kuongea walipitia kwa mtoto. Mama alikuwa anasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, mwambie baba yako bomba la jikoni linavuja. Mtoto alikuwa anashuka ngazi tatu na kumwambia baba yake jambo lile lile kwa Kiingereza, baba ambaye alikuwa amesimama hapo hapo na amesikia kila kitu. Baba alijibu kwa Kiswahili kizuri tu, mwambie bibi nitalitengeneza jioni. Mtoto akapanda na kumwambia bibi yake kwa Kiingereza, lugha ambayo bibi hakuijua hata neno moja. Bibi aliitikia kwa kichwa, maana na yeye alikuwa amesikia. Wakaishi hivyo miezi minne, na wote watatu waliona mambo yanaendelea vizuri kabisa.

Ambaye mambo hayakumwendea vizuri ni mimi. Mimi ni muuguzi, na mwaka ule wenzangu wawili wodini walikuwa wameacha kazi. Nilishika zamu zangu na zao. Nilikuwa narudi asubuhi, nalala kama gunia, naamka, naoga, naondoka. Mama alikuwa ananiachia chakula kimefunikwa, na mimi nilikuwa nakila nimesimama.

Jumapili moja ya mwezi wa saba alikuwa anaosha vyombo, mimi natafuta funguo za gari. Alisema bila kugeuka, "Nilikuja kukuona, mwanangu. Mpaka sasa nimeona viatu vyako mlangoni."

Hakusema kwa lawama. Angelaumu ningejitetea, kwa kujitetea sijambo. Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda kazini, na nilipofika nilimganda msimamizi wangu mpaka akafungua daftari la zamu. Alinipa siku nne za mwezi wa nane, Alhamisi mpaka Jumapili. Alinionyesha kwa kidole kwamba kabla yake hakuna na baada yake hakuna, mpaka mama awe ameshapanda ndege. Siku nne. Nilitoka pale nimezishika kichwani kama mtu aliyebeba mayai.

Nilimuuliza mama anataka twende wapi. Nilimtajia maduka makubwa, nikamtajia maporomoko, nikamtajia ziwa lenye mashua. Mama alisema anataka kukaa chini, kwenye udongo, penye miti na moto wa kuni, na mimi nikiwa karibu nisiende mahali. Ni hilo tu. Tangu alipofika alikuwa amekanyaga zulia, mbao na lami. Hoteli haziruhusu kuwasha kuni. Hema lilikataliwa na magoti yake, na pia huamka mara tatu usiku kwenda haja, na mimi sikutaka nimtembeze gizani na tochi kwenye nchi yenye dubu. Mwenzangu wa wodini ndiye aliyenieleza kwamba hifadhi za jimbo zina viwanja vya kambi. Kila familia inapewa kipande chake chenye meza na duara la chuma la kuwashia moto, na mtu anaweza kuja na gari-nyumba akaliegesha hapo hapo.

Kiwanja nilikitafuta mwenyewe kwenye mtandao. Nilikipata kando ya mto, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu. Maelezo yalisema gari lisizidi futi ishirini na mbili. Nilimsomea mume wangu kwa sauti, nikaandika kwenye karatasi, nikabandika kwenye friji. Alisema sawa. Tena alisema atakwenda kulikodi Jumatano jioni mimi nikiwa kazini, nisihangaike, hayo ni mambo ya vipimo.

Alhamisi asubuhi nilipotoka kazini sikuweza kuifikia nyumba yangu. Mbele yake palikuwa na kitu kikubwa cheupe chenye mistari ya kahawia, kimeziba mlango wetu, sanduku letu la barua, na sanduku la barua la yule bibi mwenye mbwa. Mume wangu alikuwa amesimama kando yake ameweka mikono kiunoni, anatabasamu.

Nikamuuliza ni futi ngapi. Badala ya kunijibu alinishika mkono akanizungusha. Ona hapa, nyuma kuna chumba cha kulala chenye mlango wake, mlango wa kweli, unafungwa kwa ndani. Ona na hapa, chumba hicho kina mlango wa pili wa kutokea nje. Mama akiamka anaweza kutoka, akakaa nje, akarudi, yeye na mimi tusionane hata kisigino. Mbele nitalala mimi. Katikati mtalala wewe na mtoto, kama mpaka.

"Ni futi ngapi?" niliuliza tena.

Alisema thelathini na nne. Nilimkumbusha karatasi ya friji. Akaniambia yale maneno ambayo kila mtu wa kwetu anayajua, "Tukifika tutaongea nao."

Tutaongea nao! Kwa maneno hayo mume wangu amevuka mipaka, amepata nafasi hospitalini baada ya saa za kuona wagonjwa, na aliwahi kupandisha kwenye basi kitanda cha futi sita kwa sita. Mtu wa kwetu akikuta kibao kimeandikwa "hairuhusiwi", anaona ni mwanzo wa mazungumzo. Hapa Minnesota njia hiyo ilikuwa imemfaa mara moja tu, maktaba, kwa kitabu kilichochelewa. Lakini mara moja ilimtosha.

Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimetoka kazini, macho yanawaka, na nilitaka iwezekane. Nikapanda.

Mama alipanda na mkeka wake, sufuria yake, chupa ya chai na kanga tatu. Mume wangu alikuwa amepanga akae kule chumbani amejifungia, kama mzigo wa thamani, lakini sheria inataka mkanda na kitanda hakina mkanda. Ikabidi akae kwenye kiti cha meza, kile kinachotazama nyuma, ili asimtazame mkwewe kisogo. Kwa hiyo mama yangu alisafiri kinyumenyume. Kila kitu kizuri alikiona kikiwa kimeshapita, na kila alipokiona alimwambia mjukuu amwambie baba yake asante.

Getini pale hifadhini tulipokewa na binti mwenye kofia ya ukingo mpana. Alilitazama gari, akatazama karatasi yake, akalitazama tena gari mpaka mwisho wake, ikamchukua muda. Alisema kwa upole kwamba kiwanja chetu ni cha futi ishirini na mbili. Mume wangu alishuka kuongea naye. Aliongea vizuri, lazima nikiri. Alieleza habari za mama mkwe, habari za heshima, habari za milango miwili. Yule binti alisikiliza yote na mwisho alikubali. Alisema yeye hana neno, ajaribu tu, ila aangalie miti.

Kumbe shida ndiyo hiyo. Binti ana masikio, misonobari haina. Ule uwanja wa kambi ulitengenezwa zamani, watu walipokuwa wanakuja na mahema madogo na magari madogo, na barabara yake inazunguka kati ya miti minene inayogusana mabega. Mume wangu aliingia kona ya kwanza vizuri. Kona ya pili tawi lilitupapasa paa kutoka mwanzo mpaka mwisho, krrrr, mama akashika sufuria yake. Alipojaribu kurudi nyuma kwenye kiwanja chetu, makalio ya gari yaliingia na uso ukabaki barabarani, umeziba njia, na huku nyuma mti mmoja na huku mbele mwingine.

Basi wakatoka wanaume wenye kaptula. Sijui walikuwa wamejificha wapi. Huku ukikwama na gari kubwa, hutokea wanaume wazee wenye kaptula, kila mmoja na ishara zake za mikono. Mmoja alisema kulia, mmoja kushoto, wa tatu alikuwa anapiga ngumi hewani na hakuna aliyejua maana yake. Wake zao walileta viti vya kukunja wakaketi kutazama. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Tulipofanikiwa ilikuwa ni kufanikiwa kutoka, si kuingia. Viwanja vikubwa vilikuwa vimejaa vyote mpaka wiki iliyofuata. Yule binti alisema chetu atatuwekea, bado ni chetu mpaka Jumapili, tukipata gari la kuingia.

Tukarudi Crystal. Mama safari hii alikuwa anaitazama hifadhi ikienda zake, maana alikaa kiti kile kile. Hakutuma ujumbe wowote.

Nilijikaza njia nzima. Tulipofika nyumbani na mama akaingia ndani na mtoto, nilimtolea uvivu mume wangu pale pale barabarani, bibi mwenye mbwa akisikia asiyoyaelewa. Nilimwambia nina siku nne tu za kukaa na mama yangu, na moja umeniulia. "Hukukodi gari," nilimwambia. "Umekodi mlango." Halafu nikaegemea lile gari nikalia. Yeye alinywea. Alisema sasa amwangalieje mama usoni, na mimi nikamwambia si ndiyo raha yako, humwangalii usoni tangu mwezi wa tano.

Jioni ile alimpigia simu yule aliyetukodisha, mwenye uwanja wa magari, upande wa New Hope. Lipo la futi ishirini na mbili, lakini lina mlango mmoja na chumba kimoja, na mlango mwingine pekee ni wa choo. Akaja na shauri lake: niende mimi, mama na mtoto, yeye abaki, niendeshe mwenyewe. Nikakataa. Sijawahi kuendesha kitu kinachozidi gari la kwendea sokoni na sikutaka kujifunzia na mama yangu ndani. Tukalala tumenuniana, yeye chini, mimi juu, na Alhamisi ikawa imekwisha.

Ijumaa niliamka nikamkuta nje amepiga magoti kwenye saruji ya kuegeshea magari. Alikuwa amechukua chaki za mtoto, zile nene za rangi, na anachora ramani ya gari dogo kwa ukubwa wake kamili. Futi ishirini na mbili, amepima kwa utepe safari hii. Kitanda kwa bluu, meza kwa kijani, choo kwa waridi. Kisha alikuwa anasimama katikati, anaruka kutoka kitanda hadi meza, anatafuta mahali ambapo mtu anaweza kulala asionwe na mtu mwingine. Hapakuwapo. Alijaribu hata chooni.

Mama alitoka mlangoni na kanga yake. Mume wangu alisogea haraka kwenye nyasi akageuka pembeni. Mama akaingia kwenye ile ramani kwa kupitia mahali palipochorwa mlango, hakukanyaga mstari hata mmoja. Akamuuliza mjukuu kitanda kiko wapi, akaonyeshwa. Akauliza choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, akazitembea mwenyewe akaona ni mbili. Akarudi akasimama kwenye bluu.

"Mwambie baba yako hii inatosha," alisema. "Mwambie na siku zimebaki tatu."

Mtoto alitafsiri. Baba yake aliitikia kwa kichwa huku anatazama nyasi. Kisha aliinama akachora mraba mdogo nje ya gari, mbali kiasi, akaupaka manjano. Hilo lilikuwa hema lake.

Mwenye uwanja wa magari, mzee mmoja mnene mwenye kanda za kushikilia suruali, hakushangaa kutuona. Alisema wanaojua hifadhi hawachukui makubwa. La futi ishirini na mbili linaingia karibu kila mahali, halichagui mti, mradi upime pamoja na bampa na baiskeli ulizoning'iniza nyuma. Makubwa ni ya kambi za watu binafsi, zile zilizo wazi kama uwanja wa mpira. Alisema alijaribu kumweleza bwana huyu siku ya Jumatano, lakini bwana alikuwa anahesabu milango. Nilimtazama bwana huyu. Alikuwa anasoma kwa makini bango linalohusu matairi.

Gari dogo liliingia kiwanjani kwa mkupuo mmoja. Wale wanaume wa kaptula walikuwa wameshajipanga, na walirudi kwenye viti vyao na huzuni yao. Mume wangu alisimika hema lake mwisho kabisa wa kiwanja chetu, kamba moja iko kwa jirani. Halafu mvua ikaanza, ikanyesha mchana wote ule. Sisi wanawake watatu tulikuwa ndani, magoti yanagusana, mama anacheka kila mtu akipita inabidi mwingine akae. Yeye alikuwa nje chini ya turubai, na sahani yake tulimpitishia dirishani. Mama mmoja wa kizungu wa kiwanja cha pili alimtazama vile alivyokaa, akaenda akarudi na mfuko wa biskuti, akamwambia mume wangu kwamba hata wao mwaka wa kumi wa ndoa ulikuwa mgumu, na yatapita. Mume wangu alipokea biskuti. Mimi nilisikia kila neno na sikutoka kurekebisha.

Kwa hiyo ilibaki Jumamosi. Jumapili mpaka saa sita mchana ni kufungasha, na Jumatatu ni kazi. Niliamka nikaona jua limepiga kwenye miti na nikajiambia leo ndiyo leo.

Mume wangu aliwasha moto, akapanga kuni, akakohoa mara mbili kutoa taarifa kwamba amemaliza, akaenda kukaa upande wa pili wa gari na kiti chake na gazeti. Mama alitandika mkeka kwenye udongo. Alivua viatu. Alikaa chini miguu ameinyoosha, akashika udongo, akaunusa, akasema si mbaya. Tulichoma mahindi tuliyonunua barabarani. Aliyala yote huku anayasema kwamba ni laini kama ya mtu asiye na meno na matamu kama yametiwa sukari, hayajui kama ni mahindi au ni pipi. Baada ya kula, binti yetu alikwenda kuzunguka na baiskeli pamoja na wajukuu wa yule mama wa biskuti. Tukabaki mimi na mama na moto.

Nilikuwa na miezi mitatu ya maneno. Nilitaka kumwambia habari za mgonjwa mmoja aliyekuwa ananiita kwa jina la binti yake. Nilitaka kumuuliza kuhusu baba, siku zake za mwisho, ambazo sikuwepo, na ambazo hatujawahi kuzizungumza ila kwa simu, na simu ilikatika. Nilisogea nikaegemea paja lake nikaanza na yule mgonjwa. Nakumbuka nimefika mahali anaomba maji. Sikumbuki zaidi.

Nilipofumbua macho moto ulikuwa majivu. Jua lilikuwa limehamia upande wa mto, na mkono wa mama ulikuwa kichwani kwangu. Nilikurupuka. Siku yangu! Siku niliyoipigania kwa msimamizi, niliyomgombezea mume wangu barabarani, nimeilala. Nilimwambia mama kwa nini hukuniamsha, kwa ukali kabisa, kama yeye ndiye aliyekosa. Alikuwa anajaribu kuinuka na magoti yamegoma. Aliweka mkono chini, akajisukuma, akarudi palepale. Niliingia kwapani kwake nikavuta. Mimi huinua wagonjwa kila siku, ninajua pa kushika, lakini mkono wangu wenyewe ulikuwa umekufa ganzi kwa kulaliwa, na mama si mwepesi. Nikavuta tena. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu, na nikaogopa.

Mtoto hakuwepo wa kutumwa. Mama alitazama upande wa gari.

"Mkwe," aliita.

Upande wa pili gazeti liliacha kuchakarika. "Naam, mama," mume wangu alijibu bila kujitokeza. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuwasikia wakiitana.

"Njoo uniinue."

Kisha akatokea, anatazama chini, anakuja polepole kama anayeingia kanisani amechelewa. Alifika kwenye ukingo wa mkeka akasimama. Akavua viatu. Akanitazama mimi. Mama alimnyooshea mikono yote miwili. Mume wangu aliinama, akaishika, akaona haitatosha, akaingiza mikono yake chini ya makwapa yake, akamwinua kwa mara moja, taratibu, mpaka akasimama wima. Hakumwachia. Miguu ya mama ilikuwa haina nguvu, kwa hiyo alimwegemea kifuani, amemshika shati, wote wawili wanatazama pembeni, wanangoja damu irudi.

"Ungeniita mapema, mama," mume wangu alisema. "Umekaa hivyo saa tatu nzima. Nilikuwa naona kwenye kioo cha gari, hujasogeza hata mguu."

"Ningekuita," mama alimwambia, "angeamka."